Msitu wa Banafunzi

Fabien aliingia kibarazani kwa Mama Mwanahamisi bila salamu, na hilo peke yake liliwafanya watu washushe vikombe. Fabien, ambaye Baraka nzima inamwita Redio, husalimia hata mbuzi. Siku ile alifika anahema, akavuta kigoda, akakikalisha juu ya mguu wa Ministre, na hakusikia Ministre akilia.

"Musikie basi," alisema. "Comité ya banafunzi imetangaza. Baraka iko na forêt."

"Iko na nini?" aliuliza Kassimu.

"Forêt, Karabai. Musitu. Banasema bameshapanda, imekwisha. Ni ya développement durable."

Kassimu alicheka mpaka kahawa ikapita njia ya pua. Yeye ndiye Karabai. Jina alipewa kwa ajili ya taa anazowasha mtumbwini kuwavuta ndagala, wale dagaa wa ziwani, usiku wa giza, ingawa wenye roho mbaya husema ni kwa ajili ya upara wake. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi, kikombe cha nne hicho, na macho yake hayakutoka kwenye njia iliyo mbele ya kibaraza.

"Musitu ni ile?" alionyesha kwa kidevu.

Njia ile ilishuka moja kwa moja mpaka mwaloni, pale mitumbwi inapopandishwa mchangani. Ndiyo njia ya wavuvi, ya wachuuzi wa ndagala, ya abiria wanaotoka Ubwari na Swima. Sasa pande zake zote mbili, na mchangani kote, palisimama vijiti vyembamba vya matete. Chini ya kila kijiti palikuwa na kamche kenye majani manne, na juu yake kipande cha utepe mwekundu kikipepea. Tangu vijiti vile vichomekwe hakuna mguu wa binadamu uliokanyaga njia ile. Hata mbwa wa Mama Mwanahamisi waliitwa warudi.

Maana Baraka hakuna asiyejua utepe mwekundu. Mwaka huo redio za kweli zilikuwa zinasema vita vimekwisha, ila wenye bunduki huko milimani walikuwa hawana redio. Kiangazi watu wa mines, wale wanaotegua mabomu ya ardhini, walikuja, wakawakusanya wote uwanja wa mpira, wakaonyesha picha ya mtu mwenye mguu mmoja, wakafundisha jambo moja tu: ukiona nyekundu, rudi ulikotoka. Kwa hiyo wote walifahamu kilichotokea mwaloni. Banafunzi walikwenda kuchimba mashimo ya miti, wakakuta mabomu, wakafunga utepe, wakakimbia. Hakuna aliyewaona wakikimbia. Lakini Redio alishasimulia mbio zile mara nyingi, na kila mara mbio ziliongezeka.

"Durable maana yake nini, we Ministre?" Mama Mwanahamisi aliuliza huku akipepea makaa ya mbabula. "We njo ulisoma."

Bonaventure, ndiye Ministre, alivuta mguu wake kutoka chini ya kigoda. Aliwahi kubeba mkoba wa ministre mmoja aliyepita Fizi, akaubeba kutoka gari mpaka mlangoni, na tangu siku hiyo hajaongea kama watu wengine.

"Durable, mama, ni chose yenye kukawia. Yenye haiishi. Mutoto wako anaikuta, mujukuu wako anaikuta."

"Ah! Sawa vita."

"Sasa mama..."

"Si we njo umesema? Mimi nilizaliwa nikaikuta, nikaenda kambi ya Lugufu nikaiacha, nikarudi nikaikuta. Hiyo njo durable. Miti yenye majani ine itakawia wapi?"

"Batoto bale bako wazimu kabisa," alisema Redio. "Baliingia ku marché, bakamwambia mama Immaculée asifunge tena mukate mu plastiki. Afunge mu jani ya ndizi. Akabauliza, ndizi iko wapi? Basoda ba bunduki balikula ndizi, bakakula na jani. Bakamwambia, basi panda ndizi. Yeye eko anauza mukate leo, ndizi itaota mwaka kesho!"

"Na choo, Redio! Sema ile ya choo!" alidakia Kassimu.

"Balikuja kupima choo yangu," Ministre alijibu kwa niaba ya Redio, kwa huzuni kubwa. "Bakasema haiko conforme, haifuate sheria. Nikabaambia, batoto bangu, hii choo imepita vita mbili imesimama. Nyumba ilianguka, choo ikabaki. Munataka conforme gani?"

Walicheka. Kassimu alicheka nao, ila kicheko chake kilikuwa kifupi, akarudisha macho mwaloni. Mtumbwi wake ulikuwa kule, nyuma ya vijiti, umelala ubavu. Wiki zote za mbalamwezi mitumbwi ya Baraka hulala hivyo, kwa sababu ndagala haji kwenye taa kama mbingu nzima ina taa. Watu hupumzika, nyavu hurudishwa nyumbani zikashonwa. Na leo mwezi ulikuwa umekwisha. Leo ndiyo giza la kwanza, na gari la kupeleka samaki Lulimba kwa wachimba dhahabu lilikuwa limeshaegeshwa sokoni. Wavuvi wake walimwambia bila kuficha kwamba asiposhuka majini leo watahamia mtumbwi wa mtu wa Swima. Na mtumbwi usiokuwa na watu ni kuni tu. Kassimu alirudi kutoka ukimbizini na shati moja. Mtumbwi ule ndio ulimrudishia jina lake.

"Karabai, usijisumbue na hiyo njia," Redio alimwambia. "Kule ku depo beko bapita muzuri."

"Najua. Muke wangu Samira eko anapitisha nyavu kule tangu asubuhi."

Hiyo nayo ilikuwa habari ya Redio, na alijivunia. Depo ya zamani ya pamba, ile yenye kuta zilizobomoka, ilikuwa imezungushiwa utepe mwekundu tangu watu wa mines waje. Vibao vyenye picha ya fuvu, askari walivifanya kuni za ugali zamani, ukabaki utepe. Sasa utepe nao haukuwepo. Redio aliona mwenyewe, akazunguka mji mzima akitangaza: wazungu wamemaliza kazi, depo imefunguliwa, piteni. Na watu, kwa kuwa njia yao ya mwaloni imefungwa, wakapita.

"Angalia maajabu ya Mungu," Redio alisema. "Bazungu bameondoa mines ku depo, na banafunzi betu bametuletea zingine ku mwalo. Muntu akienda école siku hizi anarudi na hasara."

"Na we Karabai," Mama Mwanahamisi aliingilia, "bibi yako anabeba wavu mubichi kwa kichwa, we umekaa unakunywa kahawa yangu?"

"Mama, mi nachunga mutumbwi."

"Unauchunga na kikombe?"

Kabla Kassimu hajapata la kujibu, alitokea kijana mwenye tai. Tai ilikuwa nyekundu, ndefu kupita kiuno, na chini alikuwa na sandale za mpira. Huyu ni Lionel, mkuu wa comité ya banafunzi. Alizaliwa hapahapa Baraka, vita vikambeba mdogo mpaka Uvira, akarudi mwezi uliopita kuingia ile institut mpya iliyofunguliwa kwenye nyumba isiyo na paa.

"Bonjour, bazazi bangu."

"Bonjour, monsieur Durable," alisema Ministre, na jina likamkaa kijana wa watu kuanzia hapo.

"Nimekuja na masikitiko," Lionel alisema. "Tuligawa miche. Kila nyumba mti wake. Tukaomba kila nyumba imwagilie asubuhi na mangaribi. Kwa nini hakuna hata muntu mumoja ameenda kumwagilia? Population haina mwamko! Environnement ni ya nani? Ni ya sisi wote!"

Kibaraza kililipuka.

"Yeye ataenda kumwagilia mines!"

"We mutoto, unataka tufe bote, mubaki na nani Baraka?"

"Mama yako njo alikutuma?"

"Mines gani?" aliuliza Lionel.

"Zile! Zenye mulifunga tepe!"

Lionel aliangalia mwaloni, akawaangalia wazee, akaangalia tena mwaloni. Halafu alicheka, na alikuwa na meno mazuri.

"Lakini bazazi, hakuna mines pale! Ni miche tu! Tepe ni ya kuonyesha, watu basije bakaikanyaga."

"Basi mumefaulu," alisema Mama Mwanahamisi. "Hakuna mwenye ameikanyaga. Hata mimi nimeshindwa kuuza hata kikombe kwa muntu wa mutumbwi. Toka juzi nakunywisha hawa watatu, wenye banalipa na midomo."

"Ngoja," Kassimu alisimama. "Unaapa? Pale ni muchanga tu? Mutumbwi wangu naweza kuufikia?"

"Naapa, papa. Nilichimba mashimo na hii mikono."

"Mjinga wewe!" Kassimu alimwambia kwa upendo. "Mjinga kabisa! Umenifungia mwalo mbele ya giza ya kwanza juu ya majani ine! Ulishindwa kutafuta tepe ya rangi ingine? Ya bluu? Ya njano?"

"Ilikuwepo hiyo tu. Na hatukununua," Lionel alijisifu, tai akaiweka sawa. "Tumefanya récupération. Ni point ya pili ya programme yetu: hakuna kutupa, kila kitu kinatumika tena. Banafunzi ba préparatoire, bale batoto ba Ubwari benye bamefika wiki iliyopita, bale tuliwapa salongo, kazi ya pamoja, ya kusafisha mji. Bakakuta plastiki nyingi sana imeachwa mu majani, imefungwa ku fito. Plastiki inaharibu udongo, bazazi. Na kuichoma inachafua hewa. Basi tukakata vipande vidogo vidogo tukafungia miche."

Ministre aliweka kikombe chini taratibu sana.

"Mwanangu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mkoba wa ministre hakutia Kifaransa, "hiyo plastiki mulikuta wapi?"

"Ku depo ya pamba."

Birika lilichemka, likamwagika juu ya makaa, na hakuna aliyelishika.

Kassimu hakukumbuka baadaye alivyotoka pale. Alikumbuka tu kwamba kiatu kimoja kilibaki, na kwamba alikuwa anakimbia na huku anasema "Samira, Samira, Samira," kwa sauti ya mtu anayehesabu tasbihi. Nyuma yake walikimbia Ministre, Redio na Mama Mwanahamisi, kitambaa kimemtoka kichwani.

Walisimama pale ukuta wa depo unapoishia. Mvua ya usiku ililainisha udongo, na nyayo za watu zilionekana wazi, zimepita katikati ya majani kuelekea ziwani. Katikati kabisa, mgongo umewageukia, alikuwa anakwenda Samira na wavu kichwani, anaimba.

"Samira! Simama!"

Alisimama, akageuza shingo. "Nani huyo? Kassimu? Leo umemaliza kahawa?"

"Usisogeze mguu!"

"Huu wavu unanivunja shingo, unaniambia nisisogeze mguu? Kama una huruma njoo ubebe!"

Kassimu aliinua mguu wake mtupu. Aliuona mguu uko hewani, akauamuru ushuke mbele, na mguu ukashuka palepale ulipotoka. Alijaribu tena. Alimpenda mwanamke yule, alimpenda tangu siku alipomwona Lugufu akigombania maji bombani na kushinda, na mguu haukwenda. Machozi yalimtoka kwa aibu.

"Mabomu," alisema. "Samira, mabomu yako hapo. Hawakuyatoa."

"Si mulisema bamemaliza? Redio njo alipita kwangu akanitangazia!"

Wote walimwangalia Redio. Redio aliangalia mawingu.

Samira alitazama chini, upande huu na upande ule, na wavu ukatikisika kichwani mwake kidogo. Halafu alisema kwa sauti ndogo, "Nifanye nini?"

"Geuka palepale," Kassimu alisema. "Polepole, mama. Kanyaga nyayo zako mwenyewe. Usikanyage kwingine. Zangalie vizuri. Niko hapa."

"Uko huko," alisema Samira. "Mimi njo niko hapa."

Aligeuka. Alirudi, mguu ndani ya alama ya mguu wake, anatulia, anatafuta nyingine. Ministre alianza sala, akaisahau katikati, akaanza nyingine. Mama Mwanahamisi alimshika Redio mkono akaubana mpaka Redio akapiga magoti. Mara moja Samira aliyumba, wavu ukamvuta pembeni, na wote wakasema "Ee!" kwa pamoja. Akajirudisha. Akaja. Alipofika ukutani aliuangusha wavu mzima miguuni pa mumewe, akaketi juu yake, akalia kwa hasira. Kassimu alitaka kumshika bega, akapigwa kofi mkononi, na akalipokea kwa shukrani.

Ndipo Lionel alipofika. Alikuwa amepitia mwaloni, na mikono yake miwili ilijaa vipande vyekundu vifupi vya kiganja kimoja kimoja, kama kamba za kufungia samaki.

"Tutarudisha!" alisema anahema. "Nimeng'oa yote. Tutarudisha saa hii hii! Nani anakumbuka zilifungwa wapi?"

Aliangalia ukuta, akaangalia majani.

"Ilianzia wapi? Ku huu ukuta? Ilipita huku? Redio, papa, we unajuaga kila kitu..."

"Mimi natangazaga tu," alisema Redio.

"Mimi nakumbuka penye nilikanyaga mimi," alisema Samira akijifuta uso. "Kwingine kote, pima na mguu yako."

Mama Mwanahamisi ndiye aliyetoa hukumu, kwa sababu wanaume walikuwa hawajui waanzie wapi. Ministre aende mbio bureau ya territoire, wawaite watu wa mines, na Kifaransa chake chote akitumie huko. Redio abaki pale ukutani, asikae, asiende haja, atangaze kwamba depo imefungwa kwa kila mtu atakayetokea mpaka watu wenyewe wafike. Na upande wa ziwani atatumwa mvuvi mmoja.

"Mimi? Pekee yangu?" alisema Redio. "Kama nikichoka kusema?"

"Haujawahi kuchoka."

Samira aliinuka. Jua lilikuwa linashuka, na kule mwaloni wavuvi walikuwa wamesimama kwenye mwamba wa mbali wakiangalia mtumbwi, tayari kuangalia upande wa Swima.

"We kijana," alimwambia Lionel. "Kule ku mwalo ni miti tu?"

"Miti tu, mama."

"Hakuna kitu kingine?"

"Naapa na baba yangu."

"Inama."

Lionel aliinama. Samira na Kassimu waliuinua wavu wakamtwika. Wavu wa ndagala ukiwa na unyevu si mzigo wa mtu wa tai. Ulimshukia mpaka machoni, shingo ikaingia mabegani, na magoti yakaanza kufikiria.

"Tangulia," Samira alisema.

Walirudi mpaka kibarazani, wakashuka njia ya mwaloni. Mbele Lionel, anapepesuka kulia na kushoto, haoni kitu. Nyuma yake Samira, nyuma yake Kassimu na kiatu kimoja, nyuma yao Mama Mwanahamisi na birika, kwa sababu wavuvi watataka kahawa. Matete yalikuwa yameng'olewa pamoja na tepe, na kamche kenye majani manne mchangani, bila utepe, mtu aliyefunikwa uso na wavu hawezi kukaona. Lionel alikanyaga kamche ka kwanza. Akakanyaga ka pili. Alitoka njiani akarudi, akatoka tena.

Hakuna aliyemwambia kitu. Imani yao kwa viapo vya banafunzi ilikuwa ndogo siku ile, kwa hiyo kila mmoja aliweka mguu palepale Lionel alipoweka wake, bila kukosea hata unyayo mmoja. Wavuvi kule mwambani walipoona watu wanafika majini wakiwa wazima, nao walishuka wakafuata alama zilezile, na nyuma yao abiria wa Ubwari na mizigo yao. Kassimu aligusa ubavu wa mtumbwi wake, akaanza kufungua kamba.

Lionel aliteremsha wavu. Alijifuta jasho kwa tai, akageuka kuutazama msitu wake: miche ilikuwa imelala chini ya nyayo.

"Kweli, hakuna mines," Samira alimwambia. "Sasa tumekuamini."